Sanduku la Wasomaji: Kanga, Bahasha na Kituturi

Barua tano za safari hii zimetoka kandokando ya Ziwa Victoria, na ingawa waandishi wake hawafahamiani, wote wanahangaika na jambo moja: pesa za mgombea zinapata wapi nguvu juu ya kura ya mtu? Majina ya waandishi tumeyahifadhi kwa ombi lao, na barua zilizokuwa ndefu tumezifupisha.

Wataijua kura yangu?

*Ninauza dagaa Mwaloni, Kirumba. Hivi karibuni, tukiwa tunasubiri boti za visiwani, walifika vijana watatu pamoja na mwanamke mmoja tunayemfahamu, wakatugawia kanga, kila mmoja na yake, na ndani ya kila kanga noti ya shilingi 5,000. Kisha yule mwanamke akafungua daftari la shule na kuandika majina yetu na namba za kadi zetu za mpiga kura. Akasema, "Mheshimiwa atajua nani alimkumbuka." Nilipokea kwa sababu wenzangu wote walipokea, lakini sasa sina amani. Je, wataijua kura yangu? Na nikimpigia mwingine, si nitakuwa nimekula cha mtu bure? — Mama wa Mwaloni*

Mama yangu, nianze na jibu fupi ili usingizi ukurudie: hawataijua. Karatasi ya kura haina jina lako wala namba ya kadi yako. Ukifika kituoni, karani huhakiki jina lako katika daftari la Tume ya Uchaguzi, unapewa karatasi, unaingia peke yako katika kile kijichumba ambacho Tume hukiita kituturi, unaweka alama ya vema kwa mgombea umtakaye, unaikunja, unatoka na kuitumbukiza sandukuni. Mawakala wa vyama wamo kituoni kisheria, na wanaona kwamba umefika na umepiga kura, lakini hakuna hata mmoja wao anayeruhusiwa kuingia nawe mle ndani. Karatasi yako ikishachanganyika na mamia ya wenzake sandukuni, hata wewe mwenyewe huwezi kuitambua tena.

Kwa hiyo lile daftari la shule lina kazi moja tu, nayo ni kukufanya uamini kwamba ndani ya kituturi kuna jicho. Mpambe anajua fika kwamba namba ya kadi haimwambii chochote kuhusu alama utakayoweka, ila anategemea kwamba wewe hujui. Hapo ndipo ninapoona kiini cha barua yako: zile 5,000 peke yake ni pesa kidogo mno kukamata kura ya mtu, na hupata nguvu pale tu zinapokutana na mpiga kura asiye na uhakika jinsi kura yake inavyolindwa.

Kuna mlango mmoja ambao ningependa uutazame kwa makini. Mtu asiyeweza kusoma, au mwenye ulemavu wa kuona, anaruhusiwa kusaidiwa kupiga kura, lakini msaidizi huyo anachaguliwa na mpiga kura mwenyewe, na hatakiwi kuwa msimamizi wa kituo wala wakala wa chama. Ukisikia wapambe wanawashauri akina mama wanaojua kusoma wajifanye hawajui ili "wasaidiwe" na fulani, ujue kwamba jicho ambalo halikuwamo kituturini linatafutiwa njia ya kuingia.

Siri hii unayoiona ya kawaida ilipiganiwa. Huko Uingereza, hadi mwaka 1872, mpiga kura alisimama mbele ya watu na kutaja kwa sauti jina la mgombea anayemtaka, huku mwenye nyumba wake au mwajiri wake akisikiliza. Waliotangulia kuweka karatasi za siri zinazochapishwa na serikali walikuwa makoloni ya Australia mwaka 1856, likiwamo koloni la Victoria, lililopewa jina la malkia yule yule ambaye Waingereza walilibandika jina lake ziwa letu. Lakini wenye pesa hawakukata tamaa. Wachunguzi waliopitia magazeti ya zamani ya vijijini katika jimbo la New York, Marekani, waliona kwamba baada ya kura kuwa ya siri, pesa zilihama: badala ya kununua kura, wakawa wanawalipa wafuasi wa upande wa pili ili wasijitokeze kabisa. Kumzuia mtu asiende kituoni ni jambo linaloweza kuthibitishwa kwa macho, wakati alama aliyoiweka kituturini haithibitishiki.

Nimekusimulia hayo kwa sababu ya kadi yako. Wazee wa huku bado wanakumbuka maneno "kununua shahada", yaani kuwalipa watu ili wakabidhi kadi zao za kupigia kura. Kuandikiwa namba ni vitisho vitupu, lakini kuchukuliwa kadi ni kununuliwa ukae nyumbani. Usiikabidhi kwa yeyote, hata akisema anakwenda kuitoa kopi na kuirudisha jioni.

Sasa swali lako la pili, ambalo kwangu ni zito kuliko la kwanza. Unaona haya kula cha mtu kisha usimrudishie, na haya hiyo ni tunda la malezi mema, tena mpambe anaitegemea kuliko anavyolitegemea daftari lake. Tumelelewa kwamba fadhila hulipwa, na wagombea nao wamejifunza kutujibu kwa methali yetu wenyewe, kwamba mkono mtupu haulambwi. Lakini fadhila ni kitu anachokupa mtu kwa nia njema bila kuandika jina lako katika daftari. Aliyeandika jina lako alikuja kununua, na alichokuja kukinunua sheria hairuhusu kiuzwe, kwa hiyo hakuna deni.

Najua usemi unaozunguka sokoni, "kula kwake, kura kwangu", na huku kwetu, ambako *r* na *l* hubadilishana viti kila sentensi, mzaha huo hujitengeneza wenyewe. Nakubaliana na nusu yake ya pili. Ile ya kwanza siwezi kukuidhinishia, kwa kuwa sheria za nchi zinamhesabu anayepokea hongo kuwa mkosaji kama alivyo anayetoa. Wapo waandishi wanaopenda kugawanya 5,000 kwa siku za miaka mitano ili kumwonyesha mama kwamba amejiuza kwa chini ya shilingi tatu kwa siku. Sijawahi kuona hesabu hiyo ikimsaidia mtu, na mara nyingi anayeipiga hajawahi kukosa pesa ya unga. Ninachokushauri ni kutoa taarifa TAKUKURU, taasisi ya kupambana na rushwa, ama katika ofisi zao za mkoa au wilaya, ama kwa kupiga namba 113. Tangu 2015 ipo sheria ya kuwalinda watoa taarifa na mashahidi. Kanga yenyewe usiichome moto kwa hasira, kwani ni ushahidi.

Takrima ilikwenda wapi?

*Mimi ni mwalimu mstaafu, Nansio, Ukerewe. Wajukuu wangu hawalijui kabisa neno takrima, ambalo zamani tulilisikia kila siku redioni. Naomba uwaeleze lilikuwa jambo gani na liliondokaje.*

Shikamoo Mwalimu. Mwaka 2000 Bunge liliifanyia marekebisho Sheria ya Uchaguzi ya mwaka 1985 na kuingiza vifungu vilivyosema kwamba kitu kinachotolewa kwa nia njema kama ukarimu wa kimila hakitahesabiwa kuwa rushwa. Neno lililotumika, takrima, ni la heshima, la nasaba moja na ukarimu na karamu, na pengine ndiyo sababu lilipita kwa urahisi: nani atathubutu kusimama na kuupinga ukarimu wa Mwafrika? Uchaguzi wa 2000 na ule wa 2005 ulifanyika chini ya vifungu hivyo, na pilau, soda, fulana na "chai ya wazee" vikapata kivuli cha sheria.

Asasi tatu za kiraia, mojawapo ikiwa Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu, zilikwenda Mahakama Kuu jijini Dar es Salaam, na mwezi Aprili 2006 majaji watatu wakavitangaza vifungu hivyo kuwa ni kinyume cha Katiba. Hoja zilizobeba uamuzi ule zinaeleweka hata na mtoto wa darasa la saba. Kwanza, mgombea mwenye uwezo na mgombea maskini hawasimami sawa mbele ya sheria inayoruhusu ukarimu, maana mmoja atachinja ng'ombe na mwingine atagawa maneno. Pili, hakuna awezaye kuchora mstari unaoonekana kati ya takrima na rushwa. Miaka minne baadaye ikaja Sheria ya Gharama za Uchaguzi ya 2010, iliyo chini ya Msajili wa Vyama vya Siasa, ambayo inaweka kiwango cha juu cha matumizi na kuwataka wagombea na vyama vyao kueleza fedha zao zimetoka wapi na zimetumikaje.

Kwa maoni yangu, Mwalimu, neno lilizikwa lakini tabia haikuhudhuria mazishi. Nimewauliza watu wengi, wakiwamo wanaojua siasa kuliko mimi, kama wamewahi kuiona hesabu ya gharama za mgombea wa kata yao, na sijakutana na aliyeniambia ndiyo. Kadiri hesabu hizo zinavyobaki makabatini bila kusomwa sokoni, ndivyo mpiga kura anavyobaki akikisia, na anayekisia humpima mgombea kwa idadi ya magari katika msafara wake.

Kwa nini nijisumbue kujua?

*Ni dereva wa bodaboda, kituo changu kiko Buhongwa. Kila uchaguzi tunaambiwa tusome ilani, tuwapime wagombea, tusidanganyike. Kura yangu ni moja kati ya maelfu. Nikisoma au nisiposoma, matokeo ni yale yale. Bora nichukue elfu kumi ya mafuta nikaingie na pikipiki kwenye msafara wa kampeni. Nikosoe.*

Kijana wangu, hoja yako ina mzee wake. Mchumi wa Marekani, Anthony Downs, aliiandika mwaka 1957: kwa kuwa kura moja ni nadra kugeuza matokeo, mtu anayepiga hesabu za muda wake ataona haimlipi kutumia siku nzima kuchunguza wagombea, na kwa hiyo kutojua kwake kuna akili ndani yake. Tangu hapo hoja hiyo imejadiliwa sana na haijawahi kubomolewa moja kwa moja.

Lakini tazama kijiwe chako. Nina hakika mnajua Pamba Jiji ilikaa nje ya Ligi Kuu kwa zaidi ya miaka 20 hadi iliporudi 2024, nani alifunga na nani alikosa, ilhali kelele zenu hazijawahi kuongeza bao hata moja. Mtu hujifunza kinachozungumzwa anapokaa. Tatizo la ilani ni kwamba hazizungumziki, nami sikulaumu kwa kutozisoma. Kurasa zake ni nyingi, na ahadi zake nyingi hazina tarehe. Ningekuomba ujue mambo machache tu, yale yanayoigusa pikipiki yako.

Jua, kwa mfano, kwamba halmashauri inatakiwa kutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa ajili ya mikopo isiyo na riba: asilimia 4 kwa vikundi vya wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo ilisitishwa 2023 ikarejeshwa 2024. Kikundi chenu cha bodaboda kikipata pikipiki kupitia mpango huo, na mgombea udiwani akaja kukabidhi funguo huku akipigwa picha, ni vyema mkajua kwamba hajatoa mfukoni mwake hata bei ya plagi. Ni pesa iliyotokana na ushuru na kodi zenu, na sheria ndiyo iliyoamuru mpewe.

Jua pia kazi ya kila mmoja. Diwani wako anaingia katika Baraza la Madiwani la Jiji la Mwanza, ambalo linapitisha bajeti ya halmashauri na sheria ndogo, kama zile za ushuru wa masoko. Mbunge naye ni mjumbe wa baraza hilo, lakini kazi yake kubwa iko Dodoma: kutunga sheria za nchi, kupitisha bajeti ya taifa na kuihoji Serikali. Hajengi barabara. Bati na saruji anazozipeleka shuleni huenda zimetoka katika Mfuko wa Kuchochea Maendeleo ya Jimbo, ulioanzishwa kwa sheria ya 2009, ambao yeye ni mwenyekiti wa kamati yake tu. Fedha ni za umma.

Na daraja la Kigongo–Busisi, lile lililofunguliwa Juni 2025, lenye urefu wa takribani kilomita 3 na lililogharimu zaidi ya shilingi bilioni 700, limejengwa kwa fedha za Serikali. Sisi tuliokuwa tukipanga foleni ya kivuko tuna haki ya kulifurahia, na tuna haki pia ya kucheka kimoyomoyo pale kila mwanasiasa wa pande zile mbili anaposema, "nimewaletea daraja".

Kuhusu elfu kumi ya mafuta, nitakuuliza swali moja ambalo unaweza kulijibu ukiwa kijiweni. Msafara una pikipiki labda 200, na misafara iko mingi. Huyo anayewajazia mafuta amepata wapi pesa hizo, na aliyempa anatarajia kurudishiwa nini, na katika zabuni ipi? Mimi si mtu wa kushuku kila tajiri. Ila katika biashara ya usafiri unajua mwenyewe kwamba hakuna anayekupa pikipiki bila kukuambia hesabu ya jioni.

Elimu ya mpiga kura inasaidia?

*Sisi ni chama cha wachuuzi wa samaki, Mabatini. Tuna akiba kidogo na tunafikiria kuchapisha vipeperushi vya kuwahimiza wenzetu wasiuze kura. Je, tutakuwa tunapoteza pesa?*

Vipeperushi peke yake huenda vikawa kama kumwaga maji ziwani. Mwaka 2019 watafiti walikusanya matokeo ya majaribio sita yaliyofanywa katika nchi za Benin, Brazil, Burkina Faso, Mexico na Uganda, ambako wapiga kura walipewa taarifa kuhusu utendaji wa viongozi wao kabla ya uchaguzi. Kwa wastani, taarifa hizo hazikubadilisha kura. Watu walizisikia, wakaendelea kama walivyokusudia.

Hata hivyo, ng'ambo ya ziwa letu, katika uchaguzi wa Uganda wa 2016, kampeni ya aina nyingine ilichunguzwa. Hii iliingia vijijini kwa mikutano, ikizungumzia moja kwa moja suala la kuuza kura. Watu hawakuacha kupokea. Watafiti waliona pesa na zawadi zikiendelea kupokelewa vile vile. Kilichobadilika ni kwamba wengi zaidi walipiga kura kwa dhamiri zao, na waliokuwa madarakani, ambao kwa kawaida ndio wenye mifuko mizito, wakapoteza sehemu ya faida yao. Ni habari njema yenye chachu kidogo, kwa sababu katika maeneo hayo wapinzani wao nao waliongeza kugawa. Huko São Tomé na Príncipe mwaka 2006, kampeni ya kupinga ununuzi wa kura ilipunguza nguvu ya pesa, lakini pia ilipunguza idadi ya waliojitokeza, na aliyekuwa madarakani akanufaika. Kwa hiyo anayewaahidi kwamba elimu itasafisha uchaguzi kwa msimu mmoja anawauzia samaki wa jana.

Kama mnaamua kuendelea, nendeni kwanza kwa Tume Huru ya Taifa ya Uchaguzi, kwa kuwa taasisi inayotaka kutoa elimu ya mpiga kura inatakiwa kupata kibali chake. Akiba yenu, kwa mtazamo wangu, ingefanya kazi kubwa zaidi mkiitumia kati ya uchaguzi na uchaguzi: kutuma wajumbe wawili wakakae katika kikao cha wazi cha baraza, waandike kilichosemwa kuhusu soko lenu, kisha wakisome mbele ya wachuuzi asubuhi kabla minada haijaanza. Mchuuzi aliyesikia mara nne kwa mwaka kwamba diwani wake hakusimama hata mara moja kuuliza juu ya choo cha soko hahitaji kipeperushi mwezi Oktoba.

Nauli ya mjumbe

*Mimi ni mjumbe ninayepiga kura za maoni za chama changu, Sengerema. Mtia nia mmoja amenitumia shilingi 30,000 kwa simu, akasema ni nauli ya kwenda mkutanoni. Kampeni hazijaanza. Je, hiyo nayo ni rushwa? Na nikiirudisha, si nitaonekana adui?*

Kwamba kampeni hazijaanza si kinga. Sheria ya Gharama za Uchaguzi ya 2010 inagusa pia mchakato wa uteuzi ndani ya vyama, na walioitunga walikuwa na sababu nzuri. Chukua mfano wa hesabu tu: kumpa kila mpiga kura 5,000 katika jimbo lenye wapiga kura 100,000 kunahitaji milioni 500, na bado huna uhakika wa kura hata moja. Kuwapa wajumbe 400 shilingi 50,000 kila mmoja kunahitaji milioni 20, na kama chama chako ndicho kinachotarajiwa kushinda eneo hilo, mchezo umekwisha kabla mama wa Mwaloni hajaamka. Kadiri wapiga kura wanavyokuwa wachache, ndivyo kila mmoja wao anavyostahili kutafutwa na wenye bahasha, na wewe ni mmoja wa hao wachache.

Chama kikiamua kuwalipa wajumbe wote nauli kutoka katika akaunti yake, kwa kiwango kimoja na kwa kusaini, hiyo ni gharama ya chama. Mtia nia anapokutumia mwenyewe kwa simu yako, jina la nauli halibadilishi kitu. Irudishe kwa njia ile ile ya simu iliyoileta, utunze ujumbe wa muamala, na umweleze katibu wako kwa maandishi yenye tarehe, ili anayetaka kukuita adui akutane na karatasi. Halafu, nauli ya kutoka kwenye kata yako hadi Sengerema mjini unaijua kuliko mimi. Kwa 30,000 ungevuka daraja hadi Mwanza, ukala sato, ukarudi nyumbani, na bado ukabaki na chenji.